Nyabingi: Roho ya mwanamke iliyotawala pande zote za mpaka

Kwa anayezungumza Kiswahili, jina Nyabingi halihitaji kamusi. Bingi ni vingi. Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu hatabadilisha hata herufi moja, maana kwao vitu vingi ni "bitu bingi" kila siku ya soko. Ukitia nya- mbele yake unapata kile walichokusudia wasemaji wa Kinyarwanda na Rukiga: mwenye vingi, bibi wa neema.

Bibi huyo hakuwa na hekalu la mawe wala sanamu. Hata hivyo, katika karne ya 19 na miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kuanzia vilima vya kaskazini mwa Rwanda, ukipanda Kigezi kusini magharibi mwa Uganda, hadi Rutshuru upande wa Kongo, watu walimpelekea ng'ombe, mbuzi, majembe na pombe ya mtama, wakasikiliza amri zake na kuzifuata. Wajerumani walimfungulia faili. Waingereza wakafungua la kwao, na Wabelgiji vilevile. Serikali hizo tatu zilikuwa zikigombea milima ileile na hazikuaminiana, lakini kwa hili zilikuwa na kauli moja: Nyabingi ni hatari.

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi zote ambako Nyabingi alipata kuheshimiwa zimo katika jumuiya moja. Lakini mwanafunzi wa fasihi katika vyuo vyetu atakutajia Athena wa Wagiriki na Isis wa Misri kabla hajamfikia Nyabingi, ikiwa amewahi kumsikia. Mwanafunzi halaumiki. Athena na Isis wana sanamu katika majumba ya makumbusho, wana mashairi, wana vitabu vya mitihani. Kumbukumbu za Nyabingi zimetawanyika katika ripoti za polisi, barua za wamisionari na vinywa vya wazee wanaopungua, tena katika nchi tatu au nne ambazo kila moja inafundisha historia yake kana kwamba ilianzia kwenye kizuizi cha forodha.

Mwanamke aliyeuawa na wakubwa

Masimulizi juu ya asili yake hayakubaliani. Yapo yanayomweka Ndorwa, ufalme wa zamani wa ukoo wa Bashambo ambao leo umepasuliwa kati ya Rwanda na Uganda. Ufalme huo ulishindwa na majeshi ya Kigeli Ndabarasa wa Rwanda katika karne ya 18, na inasemekana Nyabingi alikuwa mwanamke wa ua huo wa kifalme. Wengine humhusisha na Kitami, mwanamke anayekumbukwa kwa kutawala Mpororo. Kuna simulizi inayotupeleka Karagwe, kaskazini magharibi mwa Tanzania ya leo: huko alikuwa malkia, akaolewa na mtawala aliyetamani himaya yake, na mume huyo akamuua. Na wapo wanaosema hakuwa malkia hata kidogo, alikuwa mtumishi tu katika nyumba ya mfalme.

Mwanahistoria anayetaka kujua kama aliishi kweli atachoka mapema. Lakini ukiyaweka masimulizi hayo pamoja, jambo moja halibadiliki. Mwanamke anauawa na mwenye mamlaka, au anakufa chini ya kivuli chake, kisha roho yake inakataa kuondoka. Maradhi yanaingia nyumbani kwa waliomdhulumu. Mifugo inakufa. Wanaanza kumjengea kibanda na kumpelekea vitu, kwanza kwa hofu, baadaye kwa matumaini. Aliyenyang'anywa anakuwa mwenye vingi.

Kwa hiyo Nyabingi hakuanza kama nguvu ya mvua au ya mwezi, wala kama mama wa dunia. Alianza kama deni.

Katika Rwanda ya kati na kusini, ibada kubwa ilikuwa ya Ryangombe, mwindaji shujaa aliyeuawa na nyati. Burundi walimwita Kiranga. Ibada hiyo ya kubandwa ilikuwa na ndugu zake Bunyoro na Nkore, ilikuwa na hatua za kuingizwa na siri za wenyewe kwa wenyewe, na baadhi ya wafalme waliikaribisha ikulu ili waiweke karibu na macho yao. Nyabingi alikuwa wa pembezoni. Wafuasi wake wengi waliishi katika milima ambako mfalme wa Rwanda alidai kodi bila kuipata kwa urahisi. Wakiga, kwa mfano, hawakuwa na mfalme. Kila ukoo ulijitegemea, ukapigana na jirani yake na kuoana naye. Kuwakusanya watu wa namna hiyo chini ya amri moja ilikuwa kazi ngumu kwa yeyote, na Nyabingi aliiweza kuliko wengi waliokuwa na majeshi.

Sauti katika giza

Aliifanya kazi hiyo kupitia wale walioitwa abagirwa, mmoja wao omugirwa. Wengi walikuwa wanawake, ingawa wanaume nao walikuwapo. Kwetu pwani, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, na neno hilo linasaidia sana hapa: omugirwa alikuwa kiti cha Nyabingi. Mwenye shida alifika na zawadi yake, akaingia katika kibanda chenye giza. Omugirwa alikaa amejifunika nguo ya gome la mti, akaanza kutetemeka, sauti yake ikabadilika na kuwa nyembamba na kali. Hapo haikuwa yeye tena aliyesema. Mgeni alizungumza na Nyabingi mwenyewe: kwa nini mke wangu hazai, nani kaloga ng'ombe wangu, je, niende vitani au nikae.

Tuangalie jambo hili kwa jicho la mali. Katika jamii za Kigezi za wakati ule, mwanamke hakurithi ardhi na hakuketi katika baraza la wazee wa ukoo. Ng'ombe walipitia mikononi mwa baba, kaka na mume. Mwanamke aliyekuwa omugirwa alipokea ng'ombe, alikuwa na watu wa kumhudumia, aliamua kesi, alituma wajumbe, na mwanamume mwenye mkuki aliinama mbele yake. Pengine alikuwa mjane, tasa, au mke aliyeachwa. Nyabingi alimfungulia mlango ambao ukoo ulikuwa umemfungia.

Na mamlaka hayo yalitumika vizuri na vibaya, kama mamlaka yote. Wapo abagirwa waliotajirika kwa vitisho. Wapo waliodai mabinti wapelekwe kwao kuitumikia roho, na familia zikatoa watoto kwa kuogopa maafa. Ndiyo maana siwafuati wanaomfanya Nyabingi kuwa shujaa wa ukombozi na basi. Mkulima wa Ndorwa aliyeona mbuzi wake wa mwisho akienda kwa omugirwa angekuwa na maneno mengine. Lakini mkulima huyohuyo, mtoza kodi wa mfalme alipofika, na baadaye mtoza kodi wa Mzungu, alijua aende wapi.

Muhumusa na ngoma iliyofichwa pangoni

Jina la mwanamke aliyeifanya Ulaya imtambue Nyabingi ni Muhumusa, ambaye Rwanda anakumbukwa pia kama Muserekande. Alijitambulisha kuwa mjane wa Kigeli Rwabugiri, mfalme wa vita aliyefariki mwaka 1895, na mama wa mrithi halali. Mwaka uliofuata, huko Rucunshu, mapinduzi ya ikulu yalimwondoa Mibambwe Rutalindwa na kumweka Yuhi Musinga, kijana aliyesimamiwa na mama yake Kanjogera na wajomba zake. Walioshindwa walikufa au walikimbia. Muhumusa alielekea kaskazini, kwenye milima ya Nyabingi, na huko akasema kwa sauti mbili: ya malkia aliyeporwa kiti, na ya roho iliyoporwa uhai.

Wajerumani, waliokuwa upande wa Musinga, walimkamata mwaka 1909 na kumpeleka Bukoba. Huko, kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, alikaa miaka miwili. Alipotoka mwaka 1911 hakurudi kimyakimya. Aliingia Ndorwa, watu wakamfuata kwa mamia, akaweka makao yake karibu na mahali ulipo mji wa Kabale leo. Aliwaambia kwamba karibu na hapo kuna pango, na ndani yake imefichwa Karinga, ngoma ya ufalme wa Rwanda. Ngoma ikipatikana, ng'ombe watatoka ardhini. Wazungu wataondoka, na risasi zao zitageuka maji.

Msomaji wa Tanzania ameshtuka kidogo, na ana sababu. Miaka sita tu nyuma, upande wa pili wa koloni lileile la Wajerumani, Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewaahidi watu wa kusini jambo hilohilo. Sina ushahidi kwamba habari za Maji Maji zilifika Ndorwa, na sidhani kwamba zilihitajika. Watu wenye mikuki wanapokabiliwa na bunduki, ahadi hiyo huzaliwa yenyewe.

Ajabu ya mwaka 1911 ni kwamba wakati Muhumusa akitafuta ngoma, watu wengine walikuwa wakipita kwenye vilima vilevile na vyombo vya kupimia. Mei 1910, mjini Brussels, Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji zilikuwa zimekubaliana wapi mamlaka ya kila mmoja yataishia, na tume ya pamoja ilitumwa kusimika alama za mpaka. Ndorwa ilikatwa. Bufumbira, ambako watu walisema Kinyarwanda, ikaangukia Uganda. Jomba na Bwisha zikawa za Kongo. Muhumusa na wapimaji walikuwa wakidai ardhi ileile kwa lugha mbili zisizokutana, na wapimaji walikuwa na askari.

Septemba ya mwaka huo, kikosi cha Waingereza kilivamia makao yake. Wafuasi wake wengi waliuawa. Yeye alijeruhiwa, akakamatwa na kupelekwa Kampala. Hakuruhusiwa kurudi nyumbani tena.

Mwenzake Ndungutse, aliyejitangaza kuwa na damu ya kifalme, alivuka kuingia kaskazini mwa Rwanda na kuendeleza uasi pamoja na Basebya, kiongozi wa Watwa wa Rugezi ambaye ikulu ya Musinga ilikuwa imeshindwa kumtiisha kwa miaka. Kwa miezi michache ya mwanzo wa 1912 ilionekana kama kaskazini yote itawaangukia. Aprili, jeshi la Wajerumani likiongozwa na Gudowius likapiga kambi yao na kuchoma vijiji. Basebya aliuawa mwezi uliofuata. Mtafiti aliyeichambua kwa kina habari hii ya 1912 ni Mmarekani Alison Des Forges. Ni huyohuyo ambaye baadaye dunia ilimjua kwa kitabu chake kikubwa cha mwaka 1999 juu ya mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Waingereza kwa upande wao walitafuta silaha ya kisheria. Mwaka 1912 Uganda ikapata Sheria ya Uchawi, na abagirwa wa Kigezi wakawa miongoni mwa waliobanwa nayo. Ni hatua ndogo kwenye karatasi, lakini ilibadilisha kila kitu. Mwanamke aliyekuwa anaamua kesi akawa mshitakiwa wa kesi. Hakushitakiwa kwa uasi, kwa kuwa muasi ana dai, na dai linaweza kusikilizwa. Alishitakiwa kwa uchawi.

Uasi haukukoma. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ntokibiri, mtu wa upande wa Kongo aliyepewa jina hilo kwa sababu ya vidole vyake viwili, aliruka mpaka huku na huku akipigana kwa jina la Nyabingi. Akifukuzwa na Mwingereza alijificha kwa Mbelgiji, akifukuzwa na Mbelgiji alirudi. Mwaka 1917 huko Nyakishenyi watu waliwashambulia mawakala wa Kiganda ambao Waingereza walikuwa wamewaleta kutoza kodi na kusimamia kazi za lazima. Ntokibiri aliuawa mwaka 1919 baada ya majeshi ya pande zote kushirikiana kumsaka. Inachekesha kwa uchungu kwamba mojawapo ya operesheni za mwanzo za usalama wa kikanda katika eneo la Maziwa Makuu ilikuwa dhidi ya roho.

Jung alipita jirani

Sasa tuwaendee wasomi. Katika maktaba za dunia kuna rafu nzima juu ya miungu ya kike, na mwenye rafu hiyo, kwa namna fulani, ni Carl Gustav Jung, daktari wa akili kutoka Uswisi. Alifundisha kwamba nafsi za watu wote zina vielelezo vya awali, ambavyo wataalamu huviita akitaipu, vinavyojirudia katika ndoto, hadithi na sanaa za mataifa yasiyojuana: mzee mwenye hekima, mjanja, mtoto wa ajabu na, kikubwa kuliko vyote, Mama. Mwanafunzi wake Erich Neumann aliandika kitabu kizima juu ya Mama Mkuu, kilichotoka mwaka 1955, chenye picha za sanamu kutoka kila pembe ya dunia.

Mojawapo ya sanamu maarufu katika mjadala huo ilichimbwa Willendorf, Austria, mwaka 1908. Ni ya jiwe, ina urefu wa sentimita 11 hivi, mwanamke mnene asiye na uso, na umri wake unahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya miaka. Leo iko Vienna. Hakuna ajuaye aliitwa nani, nani alimchonga, wala kama aliabudiwa kabisa. Hata hivyo ametangazwa Mungu Mama na vitabu visivyo na hesabu.

Mwaka mmoja baadaye Muhumusa alifungwa Bukoba. Kwa Nyabingi tuna jina, tuna amri zilizotolewa, tuna majina ya waliosema kwa niaba yake, tuna zawadi zilizopelekwa na vita vilivyopiganwa. Tulichokosa ni sanamu. Na katika taaluma iliyozoea kuanza na picha, asiye na sanamu hana pa kuingilia.

Jung mwenyewe alifika karibu. Mwaka 1925 alipanda meli hadi Mombasa, akapita Nairobi, akaenda kukaa na watu wa Mlima Elgon, mazungumzo yao yakipita kwenye Kiswahili, kabla ya kuingia Uganda na kuteremka na mto Nile. Aliwauliza wazee habari za ndoto zao. Wakati huo Muhumusa alikuwa hai, kifungoni Kampala. Mtu aliyeitafuta akitaipu ya mwanamke mkuu hadi kwenye miteremko ya Elgon alipita Uganda ile ambamo mwanamke mmoja alikuwa amezuiliwa kwa kosa la kuwa nayo mwilini.

Je, Nyabingi angeingia katika kapu la Jung? Kwa kulazimishwa, ndiyo. Anatoa neema, anatoa uzazi, anaadhibu. Lakini naona kapu hilo linamwagilia maji tembo. Ukimwita Mama unaanza kumtafutia ulezi na rutuba, na unasahau mauaji yaliyomzaa. Wafuasi wake walimwendea kama mwenye haki aliyedhulumiwa, ambaye kwa sababu hiyo anaweza kudai haki za wengine. Ni mungu wa kike mwenye kesi.

Ukitaka kumlinganisha, ndugu wa kweli yuko mbali zaidi. Katika mji wa Ur, Iraki ya leo, karibu miaka 2300 kabla ya Kristo, aliishi Enheduanna, binti wa mfalme Sargon wa Akkad na kuhani mkuu wa mungu wa mwezi. Anahesabiwa kuwa mtunzi wa kwanza duniani ambaye jina lake linajulikana. Uasi ulipozuka, mtu aitwaye Lugal-Ane alimfukuza hekaluni. Katika utenzi unaonasibishwa naye, Enheduanna anamgeukia Inanna, mungu wa kike wa mapenzi na vita, anamlalamikia kwa kufukuzwa kwake, na sauti yake na ya Inanna zinakaribiana hadi ni vigumu kuzitenganisha. Sahani ya jiwe yenye sura yake iko Philadelphia, Marekani.

Mwanamke wa ikulu, mapinduzi, uhamisho, sauti ya mungu wa kike: Muhumusa angeisikiliza habari hiyo bila kuhitaji maelezo. Tofauti ni moja, na ni kubwa. Inanna wa Enheduanna alikuwa upande wa dola, akaombwa airudishe. Nyabingi alikuwa upande wa wale ambao dola iliwajia na kamba ya kupimia.

Mwaka mmoja, habari mbili

Ikiwa bunduki na mahakama hazikummaliza Nyabingi, nyimbo zilimkaribia zaidi. Uamsho wa kilokole ulioanzia misheni ya Kianglikana ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulivuka mpaka na kuingia Kigezi, na mkutano wa Kabale wa mwaka 1935 ndio unaokumbukwa kama mlipuko wake. Watu walilia, waliungama hadharani, walirudisha vitu walivyoiba, walichoma hirizi. Vibanda vya roho vilibomolewa na wenyewe. Inafaa kutambua kwamba wanawake walipata nafasi ya kusimama na kunena mbele ya wanaume katika mikutano hiyo, wakitetemeka, wakisema maneno waliyoamini si yao. Sisemi ni kitu kilekile, na mlokole yeyote atanikemea nikisema hivyo. Nasema tu kwamba milima ile ilikuwa imezoea kumsikiliza mwanamke anayenena hivyo.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1935, ng'ambo ya bahari, gazeti la Jamaica Times lilichapisha makala juu ya jeshi la siri la Waafrika liitwalo Nyabinghi, lililoapa kuwaangamiza wazungu, eti chini ya Haile Selassie. Makala hiyo ilikuwa propaganda iliyoipendelea Italia, ambayo miezi miwili kabla ilikuwa imeivamia Ethiopia, na ilikusudiwa kuwatisha wasomaji. Kwa Warasta wa kwanza wa Jamaika iligeuka habari njema. Wakalichukua jina. Hadi leo mkusanyiko wao mkubwa wa ibada huitwa Nyabinghi, na ngoma tatu zinazopigwa humo, ile kubwa ya besi, funde na ile ya juu inayojibu, zimeingia katika muziki uliozaa rege.

Uzi uliotumika unajulikana kwa sehemu. Mwaka 1928 ofisa wa Kiingereza aliyewahi kumsaka Ntokibiri, J.E.T. Philipps, alichapisha makala iliyomweleza Nyabingi kama chama cha siri cha kupinga Wazungu. Hapo roho ya mwanamke ilikwisha kugeuzwa kuwa genge. Ilipofika Jamaika, mwanamke mwenyewe alikuwa amedondoka njiani. Kijana wa Arusha au Nairobi anayevaa kofia ya rangi tatu na kuimba Nyabinghi anadhani ni neno la Kiethiopia, na ukimwambia ni la Kabale atacheka. Neno limesafiri kutoka Kigezi hadi Kingston na kurudi Afrika Mashariki kwa kanda na redio, likashindwa kutambuliwa nyumbani.

Waliofia kwa jirani

Kazi nzuri juu ya Nyabingi zipo: Elizabeth Hopkins juu ya Kigezi, Iris Berger juu ya ibada za falme za Maziwa Makuu, Jim Freedman juu ya historia ya roho yenyewe. Zote nilizoshika ziko kwa Kiingereza, na nyaraka zinazozitegemeza zimegawanyika kati ya Uganda, Uingereza, Ubelgiji na Ujerumani. Anayetaka kuifuata safari moja ya Muhumusa, kutoka Rwanda hadi Ndorwa, Bukoba, Ndorwa tena na hatimaye Kampala, anahitaji lugha nne na visa kadhaa. Jumuiya iliyokifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi ingeweza kuanza na kazi ndogo kama hii: kuwakusanyia wanafunzi wa nchi zake habari moja iliyotokea katika nchi zao zote, katika lugha ambayo jina la mhusika tayari linaeleweka.

Sehemu zenyewe bado ziko motoni. Mpaka wa Gatuna, ambao upande wa Uganda huitwa Katuna, hauko mbali na vilima alivyokamatwa Muhumusa. Ulifungwa Februari 2019 kwa ugomvi wa Kigali na Kampala, ukafunguliwa Januari 31, 2022. Kwa karibu miaka mitatu watu wa ukoo mmoja walizikana wakiwa pande mbili, bila kuhudhuria matanga. Miezi michache baadaye, Juni 2022, waasi wa M23 waliteka Bunagana, mji wa Kongo unaopakana na Uganda, na maelfu ya watu wakakimbilia Kisoro kwa njia ambazo wafuasi wa Ntokibiri walizijua kwa usiku.

Muhumusa alifariki mwaka 1945, akiwa amekaa mikononi mwa serikali ya Uganda miaka 34. Mfalme Musinga, ambaye Muhumusa aliupinga utawala wake, alikuwa ameondolewa na Wabelgiji mwaka 1931 kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya kukataa kubatizwa. Walimpeleka kwanza Kamembe, kisha wakamvusha hadi Moba, Kongo, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Alifia huko mwaka 1944.